Mafiga Nje ya Nyumba

Mwaka ule wa tisini na tatu kuni zilikwisha Rusinga mpaka ndege wakawa wanasafiri na vijiti vyao kutoka Tanzania, na wakifika wanakosa hata tawi la kuvitundika. Mbuzi mmoja wa Kaswanga, watu waliapa kwa majina ya mama zao, alimfuata bwana shamba tangu darajani mpaka kwa chifu kwa sababu tu shati lake lilikuwa la kijani. Anayetaka kubisha na abishe. Lakini la Jedidah halikuwa la kuchekwa.

Kisiwani walimwita Nyar Kanyamkago, yaani binti wa Kanyamkago, kwa kuwa alitoka kule Migori ambako mtu akitaka kuni hunyoosha mkono tu dirishani. Aliolewa Rusinga na Chrispine, mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Ndoa haijakaa sawasawa, Chrispine akapata kazi ya kupima mahindi katika ghala la tajiri mmoja, Bashir, huko Ogwedhi, mwendo mfupi tu kutoka alikozaliwa Jedidah. Ikawa bwana yuko kwao mke, na mke yuko kwao bwana, na katikati yao ziwa, vumbi na Rongo nzima.

Chrispine alikuja kwa nadra, tena kwa kuvizia. Bashir alikuwa na lori lililoshusha mahindi Mbita na kurudi na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Mara mojamoja mpakiaji mmoja akiugua, Chrispine hupanda nyuma, na lori likipakia Mbita yeye huvuka daraja mbio kwenda kumwona mkewe, kisha hurudi mbio honi ikilia.

Alhamisi moja akaja hivyo, akakuta kufuli.

Jedidah alikuwa mlima Gembe, ng'ambo ya daraja, pamoja na wanawake wengine wa kisiwa. Miti ya kukata ilikuwa imekwisha zamani, vichaka navyo vimekwenda, na sasa walikuwa wanachimbua mizizi kwa majembe kama watu wanaotafuta mihogo. Aliondoka nyumbani umande haujakauka, akarudi jua linazama, mzigo kichwani, shingo imeingia mabegani. Mlangoni akakuta paketi ya sukari na kipande cha sabuni ya mche. Mavumbini palikuwa na alama ya mtu aliyekaa kitako, miguu amenyoosha. Jedidah alitua mzigo, akainama, akaweka kiganja pale. Palikuwa pamepoa.

"Alikaa hapo mpaka wakampigia honi," alisema mama mkwe wake kutoka nyumba ya pili. Huyu alikuwa mjane, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Kwao Gwassi, nao walimwita hivyo hivyo, Nyar Gwassi. "Nilimpa maji. Akaniuliza mkewe yuko wapi, nikamwambia Gembe. Akasema, 'Gembe kila siku, mama?'"

"Nawe ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini? Mimi mwenyewe nikakuta ninajiuliza."

Jedidah hakulia mbele yake. Aliingia ndani akachemsha maji ya chai, akaweka sukari nyingi mno, na kunywa hakuinywa.

*

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kikundi cha akina mama kilipata mgeni, Nyarangi, mama wa Kikisii kutoka Rongo aliyekuwa akizunguka kufundisha majiko ya udongo. Alikuwa mnene, mcheshi, ana Kiswahili cha haraka kama mvua ya bati. Akawaeleza kwamba mafiga matatu wanayopikia huota moto yenyewe, chungu hupata makombo tu. Jiko lake lilifunga moto kifuani, vijiti viwili vitatu vinaivisha ugali na mboga.

"Kila mmoja wenu akiacha mzizi mmoja kwa siku pale Gembe," alisema, "wajukuu wenu watakuja kuwinda sungura pale."

"Wajukuu wawinde," akadakia Valary, jirani yake Jedidah, mwanamke asiyeweza kuona kimya akakipita. "Leo sisi tutakula nini, huo mlima?"

Wakacheka. Jedidah hakucheka. Kusema kweli, mlima haukuwa akilini mwake. Alikuwa amesikia neno moja tu: vijiti viwili vitatu. Maana yake kwenda Gembe mara moja kwa juma badala ya kila uchao. Maana yake, lori la Bashir likija, atakuwepo.

Kesho yake alibomoa kichuguu nyuma ya zizi, akakatakata nyasi, akachanganya na kinyesi cha ng'ombe, akakanyaga tope mpaka miguu ikakakamaa. Akalijenga jiko palepale mafiga yalipokuwa, na ili kupata nafasi akayasukuma mafiga nje, moja baada ya jingine. Mawe yale yalikuwa meusi, yana masizi ya tangu siku aliyoingia nyumba ile.

Nyarangi alikuwa ameonya: udongo ukiwa mbichi usiwashe moto, utapasuka. Mpaka ugonge kwa kidole usikie umelia kama mtungi. Basi Jedidah akayapanga mafiga uani, mbele ya mlango, akawa anapikia hapo huku jiko likikauka ndani.

Jambo dogo kama hilo. Lakini kwa Wajaluo chakula hakipikwi nje mbele ya mlango hivihivi. Hiyo ni kazi ya siku za msiba, wakati nyumba ina maiti na waombolezaji wamejaa uani.

Nyar Gwassi alitoka asubuhi kumwaga maji ya kunawa, akaona moshi, akaona mafiga, akaangusha beseni.

"Uwi! Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Jiko linakauka."

"Jiko gani linakausha nyumba? Hayo mafiga niliyaweka mimi kwa mikono yangu. Nilipokukabidhi nyumba nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisiache moto uzimike."

"Na wewe umeutoa nje! Nyar Kanyamkago, mwanamke akitoa mafiga yake nje amesema mambo mawili tu. Bwana amekufa, au yeye anaondoka. Wewe unasema lipi?"

"Nasema kuni zimekwisha, mama."

"Basi ungesema kwa mdomo!"

Kabla jua halijapanda vizuri, Valary alikuwa amepita na ndoo ambayo haikuwa na sababu ya kupita pale. Akasimama, akatazama, akavuta mdomo upande. "Yawa, shemeji yangu Chrispine. Na alikuwa mzima juzi tu." Kufikia jioni wanawake wa kukausha samaki ufukweni walikuwa tayari wameshamzika Chrispine, wamemfufua, na wamemwoza mkewe kwa fundi mitumbwi wa Mbita. Wengine walijua hata kabila la huyo fundi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona. Kanisani benchi la Jedidah likapata nafasi nyingi ghafla. Alipokwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, aliambiwa moto umezimika, na huku moshi unatoka paani.

Yeye aliendelea kugonga jiko lake kwa kidole kila asubuhi. Tup. Tup. Bado.

*

Lori likaja tena. Jedidah alikuwa nyumbani, amevaa gauni lake la samawati, ameosha vikombe mara mbili. Aliisikia honi ya kufika, akasimama mlangoni. Aliyevuka daraja hakuwa Chrispine. Alikuwa Magige, taniboi wa lori, yaani msaidizi wa dereva, kijana wa Kikuria mwenye meno ya kucheka, ila siku hiyo aliyafunika. Mikono yake ilikuwa mitupu. Kila safari alikuwa akileta kitu: sukari, mafuta ya taa, au salamu peke yake.

"Shemeji, habari?"

"Nzuri, Magige. Bwana yangu hajambo?"

"Hajambo." Macho yake yalikuwa juu ya mafiga. "Kumbe ni kweli."

"Ni kweli nini?"

"Huko sokoni Mbita tuliambiwa safari iliyopita, ile tuliyopakia tukaondoka bila mimi kuvuka. Mimi nikanyamaza, lakini dereva ana mdomo. Akamwambia Chrispine, 'Mkeo ametoa mafiga.'" Magige alijikuna shingo. "Chrispine alisema nikufikishie hivi. Alisema, mwanamke mwenye mafiga nje hana haja na sukari yangu. Tena alisema hatakuja hapa kukalia mavumbi mara ya pili. Shemeji, usinikasirikie mimi."

"Sikukasirikii. Kunywa maji uende, honi italia."

Alikunywa, akaenda. Jedidah aliingia ndani na kuligonga jiko. Lilimjibu kwa sauti nyembamba, safi, kama mtungi.

Alifungua mlango akamwita mama mkwe. "Mama, limekauka. Leo nawasha, mafiga nayatupa, na watu watafunga midomo."

Nyar Gwassi alifika mpaka kizingitini na hakuingia. Alilitazama jiko muda mrefu. Lilikuwa limepakwa vizuri, laini, limechorwa mawimbi pembeni kwa vidole. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

"Limetoka zuri. Lakini huliwashi."

"Kwa nini?"

"Jiko jipya ni nyumba mpya. Mwenye nyumba ndiye anayekula chakula cha kwanza. Ukiliwasha peke yako, hayupo, hapo utakuwa umemtangaza marehemu kwa mkono wako mwenyewe, na hayo maneno ya ufukweni yatakuwa ya kweli. Mimi nina mwana mmoja, nyathina, binti yangu. Usinichezee."

"Na yeye amesema haji."

"Basi rudisha mafiga ndani. Vunja hilo tope. Nitawaambia watu ulikuwa na homa."

"Nikiyarudisha, narudi Gembe. Akija atakuta kufuli."

Nyar Gwassi alirudi kwake akitembea polepole, mikono nyuma.

Jedidah akabaki kati ya mioto miwili, mmoja asioweza kuuwasha na mwingine wa aibu. Akapika uani usiku ule na uliofuata kama mfiwa, macho ya wapita njia yakimlamba mgongo. Kisha akafunga leso yake ya kusafiria. Kuku wake wawili aliwauza Mbita, na aliyewanunua alimwuliza kama anarudi kwao kabisa.

"Naenda kumtafuta bwana yangu," alisema kwa sauti, soko zima lisikie.

*

Ogwedhi ilikuwa siku ya soko la ng'ombe. Vumbi, mikwaju, Wamasai na shuka zao, Wakuria, Wajaluo, kila mtu anapiga kelele katika lugha yake na ng'ombe peke yao wakielewana. Jedidah alipita katikati akiwa na vumbi la wilaya mbili usoni. Pembezoni mwa barabara miti ya kwao ilikuwa imesimama, mikubwa, mizembe, inaangusha matawi makavu ambayo hakuna aliyejishughulisha kuyaokota. Akajikuta ameinama kuokota moja. Akaliacha. Akaona aibu kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe.

Ghala la Bashir lilikuwa na mkahawa mdogo ubavuni, unaendeshwa na mkewe, Faduma. Faduma alimtazama mara moja tu, akavuta kiti.

"Kaa, dada. Wewe ndiye wa mafiga."

"Hata hapa?"

"Dereva wetu akipewa habari Mbita, mpaka Narok wanaijua." Alimimina chai ya maziwa. "Kunywa. Usiseme naye ukiwa na njaa, utasema vibaya. Na mumeo pia hajala tangu asubuhi, ana uso kama mlango wa duka Ijumaa."

"Ana mtu hapa, mama?"

Faduma alicheka, kisha akaona Jedidah hacheki. "Ana mizani, dada. Anazungumza na mizani kutwa. Chrispine! Chrispine, njoo hapa, kuna gunia limefunguka!"

Chrispine alitokea na unga wa mahindi kwenye nyusi. Alipomwona mkewe alisimama kama aliyekanyaga mwiba, akatazama nyuma, ghala, barabara, popote pengine.

"Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kukuita nyumbani, ule."

"Kwani Alhamisi ile nikiwa nimekaa nje, chakula changu alikula nani?"

Faduma aliinua birika akatoka nalo, ingawa lilikuwa bado limejaa.

"Nilikuwa Gembe," alisema Jedidah.

"Gembe! Mwaka jana nilikukuta Gembe. Kabla ya hapo, Gembe. Mtu mzima anaokota kuni kila siku ya Mungu? Kuni gani hizo haziishi?"

"Ndizo hizo zimekwisha, Chrispine. Tunachimba mizizi. Wewe umekaa huku kwetu, matawi yanakuangukia kichwani, umesahau kwenu kulivyo."

"Na mafiga? Mafiga nayo umeyapeleka Gembe?"

Jedidah alifungua kitambaa chake cha kichwa. Juu utosini, palipokaa mzigo miaka yote ile, nywele zilikuwa zimekoma kuota. Palikuwa na kipara cha mviringo, kimekakamaa kama kisigino. Hakuwahi kumwonyesha mtu. Hata mumewe alikuwa akimwona na kitambaa, kwa kuwa alikuja mchana na kuondoka mchana.

"Gembe hiyo," alisema.

Chrispine aliinua mkono, ukasita njiani, kisha akaweka vidole pale. Viliacha alama ya unga.

"Mafiga niliyatoa nijenge jiko lisilokula kuni," alisema mkewe, bado ameinamisha kichwa. "Nilitaka siku ukija, unikute. Mama yako amenikataza kuliwasha mpaka ule wewe. Nimekaa nje na sufuria kama mjane. Sasa useme. Ukitaka niyarudishe nitayarudisha, ila ujue utakuwa umeoa kufuli."

Nje ng'ombe mmoja alilia kwa uchungu wa kuuzwa.

"Bashir hataniruhusu juma hili," alisema Chrispine hatimaye. "Wala lijalo. Mahindi mapya yanaingia."

"Sikukuomba juma. Nakuomba mlo mmoja."

*

Bashir aliguna, akahesabu hasara kwa vidole hewani, akamwita Mungu shahidi kwamba wafanyakazi watamfilisi; lakini Faduma alimwambia neno la Kisomali, fupi, na mzee akatazama pembeni akasema lori linakwenda Jumanne, aende nalo, arudi nalo, saa ya kupakia ndiyo yake.

Jumanne hiyo Jedidah, aliyekuwa ametangulia nyumbani, alikaa mlangoni tangu asubuhi. Honi ilipolia Mbita aliwasha jiko. Vijiti vitatu tu. Moto uliingia tumboni mwa udongo ukanguruma kidogo, kisha ukatulia kama mtoto aliyeshiba. Chrispine alipofika anahema, maji yalikuwa yanachemka. Unga ukaingia, mwiko ukazunguka, na kipande cha samaki mbuta kikaiva kwenye tundu la pili kwa joto la moto uleule.

Alikula kwenye kiti chake, mlango wazi, ili apitaye aone. Valary alipita. Akapita tena na ndoo ileile. Safari ya tatu alisimama kabisa.

"Shemeji, umefufuka?"

"Nilikuwa napima mahindi mbinguni," alisema Chrispine mdomo umejaa. "Huko nako wanaiba kilo."

Mabega yake yakacheka. Jedidah alikuwa amesahau yanavyocheka, kwanza la kushoto, halafu yote. Alimtazama anavyokula, anavyobonyeza tonge, anavyolamba kidole gumba, akawa anayakusanya hayo yote haraka haraka kama mtu anayeanua nguo mvua inakuja. Nyar Gwassi aliingia bila kukaribishwa, akachukua tonge moja kutoka sahani ya mwanawe, akalitafuna.

"Limeiva," alisema, na hilo likawa tangazo la nyumba nzima.

Kisha honi.

Jedidah alimsindikiza mpaka mwanzo wa daraja. Walitembea bila kushikana, kwa kuwa watu walikuwa wengi. "Desemba," alisema Chrispine. "Nitaomba Desemba nzima." Alisema kama mtu anayeomba kwa mkewe. "Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Alikimbia. Lori lilichukua kona, likapanda, likaacha vumbi, na vumbi nalo likalala.

Asubuhi iliyofuata Jedidah aliamka kabla ya umande kukauka, akafunga kitambaa, akachukua kamba ya kuni, akafika mlangoni ndipo akakumbuka. Kuni zilikuwepo. Zilizobaki zingefika mpaka wiki ijayo. Wanawake wa kisiwa walipita barabarani na majembe begani, wakaita, "Nyar Kanyamkago, hatuendi?" akawapungia mkono waende. Akafagia ua uliofagiwa. Akaosha sufuria iliyooshwa. Jua lilikuwa bado chini kabisa. Zamani mlima ulimla siku nzima, na jioni alianguka kitandani kama gunia, hakupata nafasi hata ya kumkumbuka mtu. Sasa siku ilikuwa imebaki yote, ndefu, nyeupe, na Chrispine alikuwa ndani yake kila mahali: kwenye kiti, kwenye kikombe, kwenye sauti ya kila gari ng'ambo ya maji. Alikaa kizingitini, na kifua kikamuuma kuliko shingo ilivyowahi kumuuma.

Nyar Gwassi alikuja akasimama mbele yake, akimzibia jua.

"Mtu aliyekaa nyumbani kutwa hufanya nini?"

"Anangoja, mama."

Mama mkwe alitazama njia ya daraja kwa kitambo, kama naye alikuwa na mtu wake upande ule.

"Mimi nilifikiri ni kuni zilizokuwa zinanichosha, kumbe ni kungoja," alisema. Kisha akakunja gauni lake magotini, akalifunga kwa fundo. "Inuka. Kichuguu kingine kiko wapi? Langu nalo lijengwe leo, na Valary naye amesema anataka. Desemba iko mbali."

Jedidah akainuka.